Mba na Mapunye: Tazama Kichwa Kabla ya Kutafuta Dawa

Magonjwa mengine hayaui, lakini huwatia watu haya. Mtu mzima avaa koti jeusi siku ya Jumapili, na kabla ibada haijaisha mabega yake yamekuwa meupe kana kwamba amemwagiwa unga wa mihogo. Mama amsuka binti yake, na kila apitishapo kitana vipande vyeupe vyaanguka. Wengine husema, "Mtu huyu haogi." Wengine husema, "Amerogwa." Wengine huenda sokoni Luvungi au Uvira kununua kila chupa yenye picha ya nywele nzuri, na fedha yao yapotea bure.

Twataka kufundisha jambo moja: si kila kitu cheupe kichwani ni mba. Yako magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali, lakini dawa ya huu haiuponyi ule. Wa kwanza ni mba. Wa pili ni mapunye. Mba husumbua hasa watu wazima, haiambukizi, nayo hutibiwa kwa dawa ya kuoshea kichwa. Mapunye huwashika hasa watoto, huambukiza, nayo hayaponi ila kwa dawa ya kumeza. Mtu akiyachanganya haya mawili, mtoto aweza kupoteza nywele za mahali pamoja maisha yake yote. Kwa hiyo soma pole pole, kisha umwite mtoto wako karibu na dirisha, uangalie kichwa chake.

MBA NI NINI?

Ngozi yetu hujifanya upya siku zote. Ngozi mpya huzaliwa chini, hupanda juu pole pole, hufa, kisha huanguka. Kazi hii huchukua yapata mwezi mmoja. Vipande vinavyoanguka ni vidogo sana, hata jicho haliwezi kuviona. Lakini kichwani mwa mtu mwenye mba kazi hii huenda mbio. Ngozi huanguka kabla haijakomaa, na vipande vyake hushikamana. Ndivyo vile vyeupe unavyoviona juu ya koti.

Kwa nini ngozi huenda mbio hivi? Ziko sababu tatu zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni mafuta. Chini ya ngozi ya kichwa mna tezi ndogo zinazotoa mafuta. Mungu ameziweka ili ngozi isikauke.

Ya pili ni chachu. Mwaka 1874 mganga Mfaransa, Louis-Charles Malassez, alitazama vipande vya mba kwa hadubini, akaona vijidudu vya mviringo. Leo vijidudu hivyo huitwa Malassezia, kwa jina lake. Ni jamii ya chachu, ndugu wa mbali wa ile inayoumua mkate. Hukaa juu ya ngozi ya kila mtu, mwenye mba na asiye na mba, naye mtu hawezi kuviondoa vyote. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Wakiisha kula huacha takataka zenye ukali.

Ya tatu ni ngozi yenyewe. Watu wawili hula maharagwe ya chungu kimoja; huyu hulala vizuri, yule huumwa tumbo usiku kucha. Ndivyo ilivyo kwa ngozi pia. Ngozi ya mtu mmoja huvumilia takataka za chachu, ngozi ya mwingine huwasha na kuanza kumenyuka.

Ukielewa sababu hizi tatu, utaona kwamba maneno mengi yanayosemwa juu ya mba si kweli. Mba si uchafu, maana hata mtu aogaye kila siku aweza kuwa nayo. Mba si uchawi. Mba haiambukizi, mke hawezi kuipata kwa mumewe, wala mtoto kwa babaye. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima duniani wana mba kidogo au nyingi.

Tena utaelewa kwa nini mba ina umri wake. Tezi za mafuta hufanya kazi sana kwa mtoto mchanga, miezi ya kwanza. Kisha hulala. Huamka tena mtoto anapobalehe. Kwa sababu hiyo mtoto mchanga aweza kuwa na ukoko wa manjano kichwani, na kijana wa miaka kumi na sita aweza kuwa na mba. Lakini mtoto wa miaka mitano au minane hana mafuta mengi ya kulisha chachu. Ukiona magamba meupe kichwani mwa mtoto wa umri huo, usiseme upesi, "Ni mba." Fikiri kwanza juu ya mapunye.

MAPUNYE NI NINI?

Mapunye ni ugonjwa wa kuvu. Kuvu hii ni ya jamii nyingine, si ile chachu ya mba. Wataalamu huziita Trichophyton na Microsporum. Hizi hazitafuti mafuta. Hula kile kitu kigumu ambacho nywele na kucha zimefanywa nacho. Huingia ndani ya unywele, chini ya ngozi, hukaa humo, na unywele huwa dhaifu ukakatika.

Tazama dalili zake. Kichwani huwa na mabaka ya mviringo, moja au mengi. Juu ya baka mna magamba ya rangi ya majivu. Nywele za hapo zimekatika karibu na ngozi, mara nyingine zimebaki nukta nyeusi tu. Mtoto hujikuna. Ukipapasa nyuma ya shingo, waweza kukuta tezi zimevimba kama punje za maharagwe.

Mara nyingine baka hugeuka kuwa uvimbe laini, wenye usaha na maumivu, kama jipu kubwa. Watu wengi huchukua wembe na kupasua. Msifanye hivyo! Si jipu la kupasuliwa. Ni mwili wa mtoto unaopigana na kuvu kwa nguvu. Mlete hospitalini upesi, maana uvimbe huo ukikaa huweza kuacha kovu, na juu ya kovu nywele hazioti tena.

Mapunye huambukizwa kwa kitana, wembe, mashine ya kunyolea, kofia, kitambaa cha kichwa, mto wa kulalia, na kwa watoto kucheza pamoja vichwa vikigusana. Paka, mbwa na ng'ombe pia huweza kuwa na kuvu ya namna hii na kuwapa watoto. Tena mtu aweza kuwa nayo asionyeshe dalili yo yote, lakini akawapa wengine.

MAMA NA MUUGUZI

Sikilizeni mazungumzo haya. Yanafanana na mengi yanayosikika siku za kliniki.

"Mganga, mtoto huyu namwosha kichwa kila asubuhi. Nimempaka mawese, nimempaka na majivu, lakini mba haitoki."

"Pole, Mama. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Mlete hapa penye mwanga. Unaona mahali hapa, nywele zimekatika? Na hapa tena? Je, ndugu zake wanajikuna?"

"Mdogo wake ameanza juma lililopita."

"Wananyolewa wapi?"

"Kwa jirani. Wembe ni mmoja, hupita kwa watoto wote."

"Mama, hii siyo mba. Ni mapunye. Kwa sababu hiyo mawese hayakusaidia."

"Je, nilikosa kwa kumwosha?"

"Hapana, Mama. Kumwosha ni vema. Ila ulikuwa ukitibu ugonjwa ambao mtoto hana."

Tazameni jinsi muuguzi alivyofanya. Hakuanza kwa kutoa dawa. Aliuliza umri, akatazama nywele, akauliza habari za ndugu na za wembe. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, imeandikwa habari za ugonjwa wa kichwa na wa kidevu. Kuhani hakuruhusiwa kutoa neno lake upesi. Alitazama nywele na ngozi, akangoja siku saba, akatazama tena. Siku hizi tuna hadubini, twaweza kutazama unywele uliokatika na kuona kuvu ndani yake. Lakini kanuni ni ile ile: macho kwanza, jina la ugonjwa baadaye, na dawa mwisho.

JINSI YA KUTOFAUTISHA

1. Umri. Mba ni ya watu waliobalehe. Mapunye ni ya watoto ambao hawajabalehe.

2. Mahali. Mba huenea kichwa chote, na mara nyingine huonekana kwenye nyusi, kando ya pua, na nyuma ya masikio. Mapunye hukaa kwa mabaka.

3. Nywele. Penye mba nywele hubaki nzima. Penye mapunye nywele hukatika.

4. Jamaa. Mwenye mba huwa nayo peke yake. Penye mtoto mmoja wa mapunye, mara nyingi utamkuta wa pili.

5. Chawa. Ukiona kitu cheupe kimeshikamana na unywele wenyewe, kisitoke hata ukikivuta kwa vidole, hilo ni yai la chawa. Mba huanguka ukiigusa.

6. Ukoma. Watu wengine wakiona madoa mepesi usoni huogopa ukoma. Mba iliyofika usoni huweza kuacha madoa mepesi juu ya ngozi nyeusi, lakini mahali hapo huwasha na kusikia mguso. Doa la ukoma haliwashi, na mara nyingi halisikii mguso. Kama doa halisikii, usikawie, njoo hospitalini.

TIBA YA MBA

Mba kidogo huweza kupungua kwa kuosha kichwa vizuri kwa sabuni isiyo kali. Sabuni ya kufulia nguo hukausha ngozi, haifai kichwani.

Mba ikiwa nyingi, tafuta dawa ya kuoshea kichwa yenye kupunguza chachu. Ukifika katika duka la dawa Uvira au Bukavu, utasikia mba ikiitwa kwa Kifaransa pellicules. Usitazame picha iliyo juu ya chupa. Soma jina la dawa iliyomo ndani. Dawa zinazofaa ni ketokonazoli, au salfaidi ya seleni, au zinki pirithioni. Fanya hivi:

1. Kama nywele zimesukwa, zifumue kwanza.

2. Lowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu. Twajua kwamba maji huchotwa mbali. Beseni moja na kikombe cha kumwagia vyatosha.

3. Paka dawa juu ya ngozi ya kichwa, si juu ya nywele tu. Sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Kucha huchubua, na vijidudu vingine huingia katika mchubuko.

4. Iache dawa kwa dakika tano. Hapa ndipo watu wengi hukosea; hupaka na kuosha mara moja, kisha husema dawa ni mbaya. Asiye na saa na aimbe wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, pole pole.

5. Osha mpaka dawa yote itoke. Dawa isiingie machoni.

6. Fanya hivi mara mbili kwa juma, muda wa majuma manne. Mama ambaye nywele zake ni kavu na hukatika upesi, na afanye mara moja kwa juma.

Baada ya majuma manne wengi huona nafuu. Lakini mtu asiseme, "Nimepona kabisa." Chachu haiondoki, hupungua tu. Mba ni kama magugu katika shamba la mihogo. Ukipalilia leo, baada ya muda lazima urudi na jembe. Basi endelea kuosha kwa dawa mara moja kila juma moja au mawili.

Sasa neno juu ya mafuta. Wengi hufikiri kwamba mba ni ukavu, kwa hiyo hupaka mawese, mafuta ya nazi, au mafuta ya dukani juu ya ngozi ya kichwa. Siku ya kwanza magamba hulala chini, na mtu hufurahi. Lakini mafuta mengi ya mimea ni chakula cha ile chachu. Kupaka mafuta juu ya ngozi yenye mba ni kumlisha mwizi ukumbini. Ukitaka kupaka mafuta nywele zisikatike, paka nywele zenyewe, hasa ncha zake, usipake ngozi.

Tena msikubali vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Dawa hii ikitumiwa kwa kuosha nje ni salama, lakini ikimezwa huweza kuharibu ini. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua vidonge hivyo visitumiwe tena kwa magonjwa ya kuvu. Anayekuuzia vidonge hivyo sokoni kwa ajili ya mba hakutendei mema.

Na mtoto mchanga mwenye ukoko wa manjano kichwani? Mama asiogope. Ukoko huo si ugonjwa mbaya, nao huisha wenyewe baada ya miezi michache. Lainisha kwa mafuta kidogo ya mtoto, ngoja kitambo, kisha osha kwa sabuni laini na uondoe kwa kitambaa. Mafuta yasibaki kichwani. Usibandue kwa kucha.

TIBA YA MAPUNYE

Ili mwelewe kwa nini mapunye hutibiwa kwa kumeza, twawaelezea kidogo habari za zamani.

Katika miaka ya 1840 mganga David Gruby, aliyefanya kazi Paris, alionyesha kwamba mapunye huletwa na kuvu. Lakini kujua adui si kumshinda. Kwa muda mrefu waganga walipaka dawa za kila namna, na mapunye hayakuondoka, maana kuvu imekaa ndani ya unywele, chini ya ngozi. Mdudu aliye ndani ya punje ya mahindi hafi kwa kupanguswa punje kwa nje. Mwaka 1904 mganga Raymond Sabouraud, wa Hospitali ya Saint-Louis huko Paris, alionyesha jinsi ya kuangusha nywele zote zenye ugonjwa kwa mionzi ya eksirei. Watoto wengi walipona, na njia hii ilienea katika nchi nyingi. Lakini baadaye ilionekana kwamba mionzi ile ilileta madhara. Huko Israeli maelfu ya watoto, wengi wao kutoka Afrika ya Kaskazini, walitibiwa hivyo katika miaka ya 1950, na walipokuwa watu wazima baadhi yao walipata uvimbe wa ubongo na wa tezi ya shingo. Mwaka 1994 nchi ile ilitunga sheria ya kuwalipa fidia.

Msaada ulitoka katika kuvu nyingine. Mwaka 1939 wataalamu wa London walipata kitu kipya ndani ya kuvu moja, wakakiita griseofulvini. Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Glasgow, J. C. Gentles, alionyesha kwamba mnyama mwenye ugonjwa wa kuvu akimezeshwa dawa hii hupona. Mwaka uliofuata watu wakaanza kupona kwa dawa hiyo. Ilifaa kwa sababu ikimezwa husafiri katika damu na kuingia ndani ya unywele unapozaliwa. Unywele mpya hutoka tayari umelindwa, na kuvu haina pa kula.

Dawa hii yatumika hata leo. Iko pia dawa nyingine, terbinafini, inayofaa sana kwa kuvu za Trichophyton. Mganga atachagua, naye atapima uzito wa mtoto kabla ya kusema ni vidonge vingapi. Usimpe mtoto wako vidonge vya mtoto wa jirani.

Shikeni maneno haya juu ya griseofulvini:

1. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa, karanga, au mboga iliyopikwa kwa mawese. Mawese yasiyofaa juu ya ngozi ya kichwa yafaa sana katika sahani, maana bila mafuta dawa haiingii mwilini vizuri.

2. Imezwe kila siku, muda wa majuma sita hadi manane, na mara nyingine zaidi. Kuwasha huisha mapema, lakini kuvu bado iko. Anayeacha njiani huanza upya.

3. Mwanamke mwenye mimba asiimeze. Mwanamke anayemeza vidonge vya kupanga uzazi na amwambie mganga.

Pamoja na dawa ya kumeza, kichwa kioshwe mara mbili kwa juma kwa ketokonazoli au salfaidi ya seleni. Dawa ya kuosha peke yake haiponyi mapunye, lakini hupunguza mbegu za kuvu zinazoruka kwa wengine. Watoto wote wa nyumba hiyo watazamwe vichwa siku hiyo hiyo. Vitana, kofia na vitambaa vya kichwa vichemshwe, au vitengwe, kila mtu na chake.

Na ninyi walimu, sikieni: mtoto aliyekwisha kuanza dawa asifukuzwe shuleni. Wataalamu wa leo wakubaliana kwamba aweza kuendelea na masomo yake. Mtoto anayefukuzwa kwa mapunye huweza kukosa miezi miwili ya masomo, tena huona aibu, na wazazi wengine huficha ugonjwa usionekane. Ugonjwa uliofichwa chini ya kofia ndio unaoenea.

VITU VISIVYOFAA KICHWANI

Wako wanaopaka petroli au mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na karibu na jiko la makaa huweza kushika moto. Wako wanaopaka maji ya betri. Hayo ni asidi, hula ngozi na kuacha kovu. Wako wanaopaka dawa ya wadudu wa shambani. Hiyo ni sumu, hupita katika ngozi na kuingia mwilini, na mtoto huweza kufa.

Jihadharini pia na mafuta ya kujichubua yanayouzwa ili kung'arisha ngozi. Mengi yamo dawa kali ya kupunguza uvimbe. Ukiyapaka juu ya mapunye, kuwasha hupungua na wekundu hutulia, lakini kuvu huendelea kula chini kwa chini.

Na wembe? Wembe mmoja kwa watoto wengi haufai. Hupeleka mapunye, na kama umekata ngozi huweza kupeleka virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini. Kila kichwa na wembe wake mpya. Kinyozi mwenye mashine na asugue meno yake kwa brashi, ayafute kwa spiriti kabla ya mteja mwingine. Mteja asione haya kumwomba kinyozi afanye hivyo mbele yake.

MBA INAPOTUAMBIA NENO JINGINE

Twataka kusema neno hili kwa upole. Mba ya kawaida haina hatari. Lakini mara nyingine mtu mzima ambaye hakuwa na mba huipata ghafula, nyingi mno, nayo hushuka usoni, kwenye nyusi, kando ya pua, masikioni na kifuani, wala haisikii dawa. Mba ya namna hiyo yaweza kuwa ishara kwamba askari wa mwili wamepungua nguvu. Shirika la Afya Duniani limeiandika miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya ugonjwa wa virusi vya UKIMWI, ambao wengi wetu huuita SIDA.

Si kila mwenye mba ana virusi hivyo. Wengi hawana. Usimtazame jirani yako mabega kanisani na kumhukumu moyoni. Lakini wewe mwenyewe ukiwa na mba kali ya namna tuliyoeleza, hasa ukipungua uzito, au ukipata vidonda vya kinywa mara kwa mara, njoo upimwe damu. Kupimwa si hukumu. Dawa zipo. Anayezianza mapema na kuzimeza kila siku huweza kuishi miaka mingi, kulima shamba lake na kulea watoto wake. Na mara nyingi, nguvu za mwili zinaporudi, ile mba nayo hupungua. Mtu aliyekuja kwa ajili ya koti lake huenda akaokoa uhai wake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu mzima mwenye magamba na nywele nzima: ni mba. Aoshe kwa dawa, aiache dakika tano, asipake ngozi mafuta.

Mtoto mwenye mabaka na nywele zilizokatika: ni mapunye. Aletwe kituo cha afya, apewe dawa ya kumeza, na ndugu zake watazamwe.

Uvimbe wenye usaha kichwani mwa mtoto: usipasue. Mlete siku hiyo hiyo.

Doa lisilosikia mguso: tafuta mganga, hata kama haliumi.

Mba kali iliyokuja ghafula kwa mtu mzima na kushuka usoni: pima damu.

Leo jioni, kabla jua halijatua, waite watoto wako mmoja mmoja nje penye mwanga. Gawa nywele kwa vidole, utazame ngozi. Ukiona baka, usingoje mpaka liwe mawili.